Gari la umeme likigongwa kwenye foleni, usiishie kuangalia bampa

Kitu cha kwanza watu wanachosahau ni kwamba hili gari halingurumi, kwa hiyo likiwa kimya haimaanishi limezima, ukikanyaga vibaya wakati bado unatetemeka linaondoka na wewe. Weka P, breki ya mkono, washa hazadi, zima kabisa, afu shuka na funguo uende nayo mbali kidogo maana magari mengi yakihisi funguo iko karibu yanaamka tena. Mlango ukigoma sababu umeme umekata, kuna kishikio cha kufungulia kwa mkono, kila gari wanakificha kwake, kitafute leo kabla hujagongwa.

Ukishatoka, sikiliza na unuse. Ukisikia chini kunafoka kama soda inafunguliwa, au kunapasukapasuka, au moshi, au harufu kali ya kemikali, kaa mbali uite zimamoto na uwaambie mapema ni la umeme, betri inataka maji mengi na muda mrefu. Waya za rangi ya chungwa usiguse hata zikionekana zimekatika, zile zinabeba volti kama 400, mengine 800.

Kama kumetulia piga picha kabla magari hayajasogezwa. Na hapa ndo penyewe: piga na chini. Bampa ni plastiki tu, ila betri imelala chini ya sakafu na ndo kitu ghali kuliko vyote humo. Mimi niligongwa nyuma kidogo tu nikasukumwa nikapanda ukingo wa barabara, nyuma mkwaruzo kama wa kucha, nikawa nishasema basi yaishe kila mtu aende zake, kuinama na tochi ya simu nakuta bati la chini limebonyea, kidole gumba kinalala humo. Ile picha ndo iliyonitetea kwa watu wa bima.

Kuvutwa kwa kamba kataa. Matairi yakizunguka mota inazalisha umeme na vitu vinaweza kuungua, ita brekidauni ya kubeba, matairi yote manne juu. Gereji lilale nje, mita 15 hivi kutoka kwenye majengo na magari mengine, betri iliyoumia inaweza kuwaka baada ya masaa au hata siku kadhaa. Usilichaji mpaka betri yenyewe ipimwe na mtu wa magari ya umeme upewe ripoti, fundi wa bodi akikwambia "liko poa" kwa kuangalia rangi, mshukuru tu.