Kabla hujazidiwa: mambo ya kuandaa mapema, kwa wenzangu wa Kigoma

Wengi wetu tunaanza kutafuta dawa ya wasiwasi siku ambayo umeshatukamata, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, afu kila kitu kinakuja kwa pamoja, ada, kodi, mgonjwa nyumbani, marejesho. Hiyo ndo siku mbaya kuliko zote ya kuanza kupanga. Mwili ukishika hofu unamwaga adrenalini, moyo unapiga haraka ili misuli ipate damu ya kukimbia au kupigana, na ule utulivu wa kukaa ukapima jambo moja baada ya jingine unakuwa haupo. Kwa hiyo haya nnayoandika ni ya kufanya leo, ukiwa umekula, umetulia na akili zako zipo.

La kwanza, na mimi naliona kubwa kuliko yote, jua kalenda ya wasiwasi wako. Huku kwetu shida nyingi zina tarehe. Anaetegemea dagaa pale Kibirizi au Katonga anajua kabisa kwenye mbalamwezi kazi inasimama, maana taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri mwezi ukiwaka, so hizo siku hela haizunguki ila mtu wa marejesho anapiga hodi vilevile. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na ukiacha wavuvi wenyewe waliobanwa ni wengi, kuna mama anaeanika dagaa, kijana wa kubeba mizigo, mama ntilie wa pale ufukweni, wote mfuko mmoja. Januari kuna sare na madaftari. Sasa chukua daftari uandike miezi kumi na miwili, weka alama pale ambapo huwa unabanwa, pembeni andika kitu kimoja tu utakachofanya kabla, kuweka kidogo kidogo kwenye kikoba, kununua gunia la muhogo mkavu wakati bei iko chini, au kuongea na mwenye nyumba wiki mbili kabla ya kodi badala ya kumkimbia kwa mlango wa nyuma. Shida haitaondoka, ila haikukuti umesimama katikati ya njia.

Na madeni. Andika yote, jina la unaemdai na anaekudai, kiasi, tarehe. Najua inauma kuyaona yamekaa pamoja kwenye ukurasa mmoja lakini deni lililoandikwa lina mwisho, deni lililoko kichwani linazunguka usiku kucha na kila likizunguka linaongezeka. Tafadhali sana usichukue mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili ulipe mkopo mwingine wa kausha damu, nimeona ndugu wamefikishwa mahali wanaogopa hata simu ikiita. Ukiona tarehe haitawezekana, nenda kwa mwenyekiti wa kikundi kabla haijafika, useme una kiasi gani na kilichobaki utaleta lini. Anaesema mapema anasikilizwa, anaezima simu anafuatwa.

Mwili nao uandae. Ukishinda njaa toka asubuhi mpaka saa kumi, mwili utatetemeka na moyo utadunda, afu wewe utadhani ni hofu kumbe ni tumbo. Kula hata kama ni ugali na dagaa wachache. Kahawa ya kibarazani ni nzuri, maongezi yake ndo mazuri zaidi, ila kahawa inakaa mwilini masaa mengi, ukinywa ya jioni usilaumu usingizi usipokuja, na nyie vijana wa boda hizo enaji za chupa mbili tatu kwa siku ni mzigo kwa moyo ambao tayari una wasiwasi. Rubisi au gongo inatuliza kwa masaa machache tu, alfajiri wasiwasi unarudi na riba yake. Na vile vidonge vya usingizi ambavyo mtu anaambiwa na jirani nenda tu duka la dawa ukanunue, usianze bila daktari, vingine mwili unavizoea na kuviacha inakuwa kazi kubwa.

Pumzi ufanyie mazoezi ukiwa mzima. Vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa polepole ukihesabu mpaka sita, dakika tano, jioni ukiwa umekaa nje. Ile kutoa kwa muda mrefu ndo yenye kazi, inaamsha ile mishipa ya fahamu inayoupunguzia moyo kasi. Mtu ambae hajawahi kujaribu akiambiwa siku amepaniki "vuta pumzi" anaona unamtania, ila aliezoea mwili unakumbuka wenyewe. Ukizidiwa ghafla, nawa uso kwa maji ya baridi, kanyaga chini kwa miguu yote, taja vitu vitano unavyoviona hapo ulipo, mlango, ndoo, kanga, mwembe, chochote. Paniki ikipanda mara nyingi inafika kileleni ndani ya dakika kama kumi kisha inaanza kushuka, na kujua hilo kabla kunasaidia sana maana wengi tunadhani ndo tunakufa. Ila kama ni mara ya kwanza kifua kinabana, hasa kama ni mtu mzima au una presha, usijitibu kwa pumzi, nenda ukapimwe moyo kwanza.

Simu usiku ilale mbali na kitanda, magrupu yatasubiri.

Chagua mtu, na umwambie kwamba umemchagua. Hapa ndo wengi tunashindwa, tuna ndugu kutoka Ujiji mpaka Kasulu lakini siku ya siku hatujui tumpigie nani, tunaogopa kuambiwa "kaza roho" au "jikaze wewe ni mwanaume". Mkubaliane mapema, ukimtumia neno moja tu "nimezidiwa" yeye afanye nini. Mwambie wazi, sitaki ushauri siku hiyo, njoo tukae, au nipigie uniongeleshe habari za mpira. Awe dada, shemeji, shekhe, mama mchungaji, mwenzako wa kikoba, muhimu awe mtu asiepeleka maneno. Dua na sala zinawatuliza wengi, shikilia hiyo, na ukiambiwa na wazee kwamba umerogwa huna haja ya kugombana nao, waitikie kwa heshima na hospitali uende.

Maana kuna wasiwasi ambao haya ya nyumbani hayautoshi. Ukiwa na hofu karibu kila siku kwa miezi, hulali, kazi zimekushinda, au unakwepa mpaka kwenda sokoni Mwanga kwa sababu ya hofu tu, huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine na una matibabu, ya kuongea na mtaalamu na ya dawa pia. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 301 wenye magonjwa ya wasiwasi mwaka 2019, so hauko peke yako ndugu yangu na wala sio udhaifu wa imani. Anzia zahanati ya karibu, wao watakuandikia kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni ikibidi, na omba wakupime damu pia, upungufu wa damu na shida ya tezi ya shingo vinaweza kuleta moyo kwenda mbio hivohivo. Wizara ya Afya wana namba ya bure 199, na kwa watoto kuna 116, ziandike ukutani leo. Ukianza kuwaza kujidhuru hiyo haisubiri asubuhi, amsha mtu usiku huohuo.

Kabla ya kwenda andika kwenye karatasi, ilianza lini, inakuja saa ngapi, unalala masaa mangapi, dawa gani unatumia hata zile za mitishamba. Na yule mtu uliemchagua aingie na wewe chumbani kwa daktari, maana ukiwa na hofu nusu ya utakayoambiwa utayasahau hapohapo mlangoni.