Kutengeneza milango ya chuma ya Land Rover Series katika karakana ndogo

Nusu ya chini ya mlango wa Land Rover Series II na III ni fremu ya chuma iliyovalishwa bati la alumini. Maji yakikaa kati ya metali hizo mbili, hasa kwenye hewa ya chumvi kama ya Tanga au Mombasa, alumini hulika ikawa unga mweupe, na fremu huoza chini kabisa, mahali maji yanapotuama. Mlango wa chuma kitupu unamaliza ugomvi huo, lakini ni mzito zaidi. Bati la chuma la 1.2 mm (geji 18) lina kilo 9.4 kwa mita ya mraba, wakati alumini ya unene huohuo haifiki kilo 3.5. Kwa hiyo usipande hadi 1.5 mm kwa kudhani unaongeza uimara. Unazielemea bawaba bure, maana uimara unatoka kwenye fremu.

Kwa milango miwili ya chini nunua bati moja la futi 4 kwa 8 la 1.2 mm, bomba mbili za mraba za 25 x 25 x 1.5 mm zenye urefu wa mita 6, na kipande cha bamba la 4 mm cha kuimarishia bawaba na kitasa. Chukua bati jeusi, lisilo na zinki. Ukipata la zinki tu, saga zinki yote sentimita 3 kila upande wa mshono na uchomelee nje penye upepo, kwa sababu moshi wake huleta homa.

Anza na gari, si na mlango. Lisimame kwenye sakafu bapa kwa tairi zote nne, bila jeki, kwani chesi ikijikunja kidogo tu nafasi ya mlango hubadilika. Gonga nguzo ya bawaba kwa bisibisi kuanzia chini. Ikitoboka, itengeneze kwanza, la sivyo mlango mpya utaning'inia ndani ya mwezi. Kisha kata patani ya hadibodi inayoingia kwenye nafasi na kuacha 5 mm kila upande. Usitumie patani ya kulia kwa upande wa kushoto. Magari haya ni ya zamani, na pande mbili hazilingani.

Katika Series fupi, ile yenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, tanki la petroli liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, karibu kabisa na mlango. Usichomelee chochote mlango ukiwa kwenye gari, hata nukta moja. Bana vipande kwa klampu, chora alama kwa sindano ya chuma, toa, kachomelee mezani mbali na gari.

Fremu ishike kwa nukta ndogo za kuchomelea kwenye kona zote, kisha pima mishazari na uilinganishe na ile ya patani. Tofauti ikizidi 2 mm, vunja nukta urekebishe sasa. Chomelea kona moja, rukia iliyo mkabala nayo, acha ipoe. Kwa vijiti vya kuchomelea vya 2.5 mm anzia ampea 50. Moto ukizidi bomba litatoboka. Ongeza mkono wa mshazari kutoka kona ya chini upande wa bawaba hadi kona ya juu upande wa kitasa. Mahali bolti za bawaba zinapopita, toboa bomba na uchomelee ndani kipande cha bomba la duara kinachofika pande zote mbili. Bila hicho, ukikaza bolti bomba linabonyea, bolti inalegea tena, na mlango unashuka.

Sehemu inayowashinda wengi ni bega la mlango. Tangu 1958, Series II ilipotoka, ubavu wa bodi una mviringo chini kidogo ya mstari wa kiuno (Series I ni bapa, hupati shida hii). Kata kadibodi hadi ikae sawa kwenye mviringo wa bodi ya nyuma, kisha likunje bati juu ya bomba nene lililofungwa mezani, ukisukuma kwa mikono na ubao. Chagua bomba jembamba kuliko mviringo unaoutaka, kwa sababu bati hurudi nyuma likiachiwa. Nyundo weka mbali: kila pigo linavuta bati, na mawimbi hayo yataonekana rangi ikishapigwa. Ncha za juu na za chini za fremu zikatwe kufuata mviringo huohuo.

Bati la nje liache lizidi fremu kwa 15 mm. Paka fremu praima, weka mstari wa gundi ya kubandikia vioo vya mbele kwenye mkono wa mshazari ili bati lisipige kelele, kisha kunja kingo kuzunguka bomba. Chomelea kwenye mkunjo wa ndani pekee, baada ya kukwangua praima hapo: sentimita 1 kila sentimita 10, ukiruka upande kwa upande. Mshono mrefu wa mfululizo utalipinda bati na halitanyooka tena.

Toboa matundu manne ya 8 mm sehemu ya chini kabisa kabla ya rangi, na uhakikishe gundi haijayaziba. Viungo vizibe kwa gundi ya bodi. Silikoni yenye harufu ya siki ina asidi inayolisha kutu. Rangi ikikauka, nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya bomba.

Funga mpira wa kuziba mlango kwanza, ndipo urekebishe kipokeo cha kitasa, kile kilicho kwenye nguzo ya bodi. Weka ukanda wa karatasi kati ya mpira na bodi, funga mlango, uvute. Ukiteleza bila kushikwa, hapo vumbi na mvua vitapita, kwa hiyo sogeza kipokeo ndani kidogo kidogo. Baada ya kilomita 100 za barabara ya vumbi kaza tena bolti za bawaba. Ni za inchi, hivyo spana ya milimita itaharibu vichwa vyake.