Kupinga Medicare isimezwe na kampuni: anza na barua ya kukataliwa

Nchini Marekani, Medicare ni bima ya afya ya serikali, hasa kwa wenye miaka 65 na kuendelea. Kampuni binafsi za bima zinaingia kupitia Medicare Advantage, mpango wanaouendesha badala ya serikali: hulipwa kiasi maalumu kwa kila mwanachama, kwa hiyo tiba inayokataliwa huzibakizia fedha.

Barua ya kukataliwa isitupwe. Mzee akate rufaa ndani ya siku 65 tangu tarehe iliyo juu ya barua, pamoja na maelezo ya daktari. “Ana maumivu” haitoshi; yataje tiba zilizokwisha kujaribiwa zikashindwa. Kukiwa na dharura, daktari aombe uamuzi wa saa 72. Kampuni ikishikilia kukataa, faili huenda lenyewe kwa mkaguzi huru.

Kisha mpelekee mbunge nakala. Ziba namba ya Medicare kwa wino mweusi, halafu toa nakala nyingine, maana ya kwanza husomeka ukiiinua juani. Simu ya Bunge: 202-224-3121. Taja kwanza msimbo wako wa posta, uombe jambo moja tu. Ukiomba matano, karani ataandika “analalamika”.

Usimhimize mzee ahame kwa hasira kutoka Medicare Advantage kurudi Medicare ya serikali. Baada ya miezi 6 ya mwanzo ya kuwa na Medicare, majimbo mengi huruhusu Medigap, bima ya nyongeza ya kulipia gharama ambazo Medicare ya serikali hailipi, imkatae kwa sababu ya ugonjwa.