Kaunti ya Michigan imeuza nyumba yako kwa deni la kodi? Chenji ni yako, ila uidai kabla Julai 1 haijapita

Ndugu zangu mliopo Michigan, hasa wa Grand Rapids na Lansing ambako Wakongo wengi saa hizi wameshanunua nyumba, nataka tuongelee hukumu moja ya Mahakama ya Juu ya jimbo, maana watu wanaisikia juu juu, wanadhani ni habari ya mawakili, kumbe inagusa mfuko wako moja kwa moja.

Kwanza tuelewane neno. Sisi tukisema "kodi ya nyumba" tunamaanisha hela ya kumpa mwenye nyumba, alafu ukishanunua ya kwako unajua hio imeisha. Haijaisha. Kuna kodi ya majengo, ya jiji na kaunti na shule, inakuja kila mwaka hata kama nyumba umeilipa yote. Wenye mkopo wa benki mara nyingi benki ndo inawalipia ndani ya malipo ya kila mwezi, kwa hiyo tatizo linawakuta zaidi waliomaliza mkopo, walionunua keshi, na waliorithi nyumba ya mzazi bila kubadilisha jina, barua zinaendelea kuja kwa jina la marehemu na hakuna anayefungua.

Sasa hukumu yenyewe. Inaitwa Rafaeli dhidi ya Oakland County, ilitoka Julai 17, 2020. Mzee mmoja mstaafu alinunua nyumba ya kupangisha pale Southfield mwaka 2011 kwa dola 60,000 kupitia kampuni yake, akalipa kodi ya majengo pungufu kidogo kwa makosa, akaja kumalizia, ila riba akaikosea hesabu, ikabaki dola 8.41. Nane na senti arobaini na moja jamani! Pamoja na riba na faini likawa dola 285.81, kaunti ikaichukua nyumba, ikaiuza mnadani mwaka 2014 kwa dola 24,500, na ikabaki na hela YOTE. Ndo sheria ilivyokuwa. Mahakama ikasema hapana, kaunti ina haki ya kukata deni lake na gharama, lakini kinachobaki ni mali ya mwenye nyumba, na kukichukua ni kuvunja katiba ya jimbo. Kwa maneno yetu, chenji irudi kwa mwenyewe.

Ukisikia hukumu yoyote ya mahakama ya jimbo, kabla hujarusha kwenye grupu la WhatsApp angalia vitu hivi. Ni jimbo gani, maana hukumu ya jimbo la Ohio haimfungi mtu wa Michigan. Ni mahakama ipi, kwa sababu Mahakama ya Juu ikisema kaunti zote zinafuata, lakini ya Rufaa lazima hukumu iwe imeandikwa juu pale "for publication", ikiandikwa "unpublished" haiwafungi mahakimu wengine. Hukumu za Mahakama ya Juu zina muhtasari kurasa za mwanzo, soma huo kwanza usihangaike na kurasa mia. Alafu swali ambalo watu wanalisahau kabisa: je, bunge la jimbo lilifanya nini baada ya hapo? Hapa ndipo wengi wanapoteza hela, kwani hukumu ilikupa haki, lakini bunge mwisho wa mwaka huo huo wa 2020 likaweka utaratibu wa kuidai, na usipoufuata kaunti inaweza kukukatalia.

Utaratibu ni wa miaka, sio wa siku moja. Chukua kodi ya 2024. Haikulipwa, Machi 1, 2025 deni likatoka jijini likaenda kwa mweka hazina wa kaunti, wanaongeza ada ya asilimia 4 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Machi 1, 2026 riba inapanda kuwa 1.5 kwa mwezi, tena inahesabiwa kuanzia nyuma, na juu yake dola 175. Machi 31, 2027 ndo mwisho, ikipita hio nyumba sio yako tena, hata uje na hela zote mkononi. Kwa hiyo kama bado uko ndani ya muda nenda kwa mweka hazina uombe mpango wa kulipa kidogo kidogo, na jijini uliza msamaha wa kodi kwa wenye kipato kidogo, hio ni bora kuliko chenji yoyote.

Ikishapita, kuna fomu namba 5743 ya kusema kwamba utadai chenji yako. Unaijaza, unasaini mbele ya notari (benki nyingi wanae), na inatakiwa imfikie mweka hazina kufikia Julai 1 ya mwaka huo huo, yaani miezi mitatu tu, na mnada wenyewe bado haujafanyika! Peleka kwa mkono upewe uthibitisho, au posta waambie unataka "certified mail" yenye ile kadi ya kijani inayorudi kwako imesainiwa. Kadi hio itunze kama pasipoti. Mwaka unaofuata, kati ya Februari 1 na Mei 15, unapeleka ombi mahakamani, na hapo ndo hakimu anaamua nani apewe nini. Tarehe zihakiki kwenye fomu ya mwaka wako.

Hesabu iko hivi. Nyumba imeuzwa 60,000, deni na gharama 9,000, kaunti inachukua asilimia 5 ya bei ya mnada, yaani 3,000, inabaki 48,000. Kama benki au mtu mwingine anakudai juu ya nyumba hio anaweza kuchukua chake kwanza.

Mwaka jana nilikaa na mama mmoja mezani kwake, akamwaga mfuko wa plastiki wenye barua, nyingi hazijafunguliwa, na karatasi ya kaunti iliyokuwa imebandikwa mlangoni bado ina selotepu, alidhani ni matangazo ya biashara. Tarehe ilikuwa Juni 24. Tulikimbia kwa notari siku ile ile.

Na wewe usiyedaiwa kitu nawe imekugusa. Kaunti huwa zinawalipa kwanza jiji na shule hela ya wasiolipa, alafu zenyewe ndo zinafuatilia deni, na ziada za mnada zilikuwa zinaziba mapengo. Hio imekatwa. Alafu Julai 2024, kesi ya Schafer dhidi ya Kent County, Mahakama ya Juu hio hio ikasema hukumu ya Rafaeli inarudi nyuma pia, hata kwa nyumba zilizouzwa kabla yake, kwa hiyo kuna madai ya zamani ya kulipwa, na hela ya kaunti ni kodi zetu. Kikao cha bajeti kiko wazi kwa kila mtu, nenda uulize hio hela inatoka fungu gani.

Kwa msaada piga 211 uulizie mawakili wa bure. Na mahakamani omba mkalimani mapema kwa maandishi, usiende na mtoto wako akutafsirie mambo ya nyumba, na useme wazi ni Kiswahili cha wapi, cha Kongo au cha Tanzania, au kama Kibembe ndo unakielewa zaidi sema Kibembe.