Jinsi ya kuziangalia Ip Man kwa mpangilio, na kwa nini mpaka leo hazichuji

Kama umekulia kibanda umiza unaijua sheria, steringi hafi na adui mkubwa anakuja mwishoni. Ip Man, zile muvi za kung fu za Hong Kong, haziivunji hiyo sheria hata kidogo, stori ni ileile, kuna mbabe anaonea watu, steringi anavumilia weee mpaka siku moja inatosha. Ukinihadithia hivyo nitakwambia hizo nimeziona mia. Ila nyingine zote nimezisahau na hizi nazirudia kila mwaka, na nimegundua wengi wanaoniambia "mbona za kawaida tu" waliziangalia vibaya, mwingine ameanza na ya tatu sababu kaona Mike Tyson kwenye kava, au kaona vipande vya dakika mbili mbili kwenye simu akajua kamaliza. Ngoja nikuelekeze.

Kwanza hakikisha unazo zenyewe. Ziko nne tu, ya 2008, ya 2010, ya 2015 na ya 2019, zote dairekta ni Wilson Yip na Ip Man ni Donnie Yen. Nasema hivi kwa uchungu, niliwahi kununua DVD kavani kuna sura ya Donnie kubwaaa, nafika nyumbani naweka, dakika kumi zinapita namsubiri Donnie, kumbe jamaa ni mwingine kabisa! Shida ni kwamba Ip Man alikuwa mtu wa kweli, kwa hiyo yeyote anaweza kutengeneza muvi yake, na ya kwanza ilivyopiga hela wakajaa. Kuna ya Dennis To ya 2010 inayoonyesha ujana wake, kuna ya Anthony Wong ya 2013 inayoonyesha uzee, na mwaka huohuo Wong Kar-wai akatoa The Grandmaster, Tony Leung ndo Ip Man. Hiyo ya Tony Leung ni nzuri sana ila ni muvi ya kuangalia ukiwa na mawazo yako, mvua inanyesha, watu wanapigana taratibu. Sio mbaya hizo, ila ziweke pembeni umalize hizi nne kwanza.

Lugha: chagua Kikantoni chenye subtaito. Zile zilizoingizwa sauti za Kiingereza zinaua kila kitu, Ip Man anaongea kwa upole mno, sauti ya chini, halafu wanampa sauti ya mtangazaji wa redio. Kama unaangalia na kundi la washkaji basi tafuta ya kutafsiriwa na madijei wetu, DJ Afro wa Kenya na wenzake, hiyo ni burudani nyingine kabisa na sitaisema vibaya, wengi wetu tumezijua kung fu kwa sauti za watu kama hao. Lakini mara ya kwanza angalia bila kelele za mtu.

Sasa ya kwanza. Usipeleke mbele! Najua unataka kufika pale anapopiga watu kumi peke yake, subiri. Nusu saa ya mwanzo ndo inafanya ile ya kumi iume. Tuko Foshan, kusini mwa China, miaka ya 1930, mji una shule za ngumi mtaa mzima, na Ip Man ni tajiri hana shida na mtu, hataki hata wanafunzi. Mke wake hapendi mambo ya ngumi. Anakuja jamaa wa kaskazini anaitwa Jin, ameshawapiga mamasta wa mji mzima, anaingia mpaka sebuleni kwake. Unajua nani anatoa ruhusa ya pambano? Mke. Anamwambia piganeni ila usinivunjie vitu vyangu. Basi jamaa anapigana huku anadaka vyombo, vitu vinaanza kuvunjika, mtoto anaingia na kibaiskeli cha matairi matatu kuleta ujumbe, mama anasema usipoanza kupiga nyumba yote itaisha. Mpinzani anachomoa panga, yeye anachukua fagio la manyoya la kufutia vumbi. Hapo angalia mikono yake, anagusa tu, anaonyesha ningekupiga hapa, na hapa, haumizi mtu.

Shika hiyo picha kichwani, halafu Wajapani wanaingia mjini, nyumba inachukuliwa, tajiri anabeba makaa kwa ajili ya chakula. Jenerali Miura anaweka mashindano, ukishinda unapewa mfuko wa mchele. Mzee Liu, mmoja wa wale mamasta wa Foshan, anapigwa risasi akiwa ameinama kuokota mchele. Ndo hapo Ip Man anasema anataka kumi. Sasa angalia mikono tena. Ni mikono ileile ya sebuleni ila safari hii anavunja, viwiko, magoti, hakuna kugusa tena, anampiga mtu ngumi za mfululizo mpaka unamhurumia. Ukikiona hicho kipande peke yake kwenye simu unaona mtu anapiga kumi, fresh, ila ukiwa umetoka kwenye lile fagio unaona mtu mpole kaharibika mbele yako. Kwangu siri ya hizi muvi iko hapo: anapigana kwa kusita, na kila muvi inatafuta sababu mpya ya kumtoa kwenye kusita.

Ya pili ni ya 1950, amehamia Hong Kong, hana hela ya kodi, anafundisha juu ya paa la ghorofa. Kule mamasta wana utaratibu wao, unataka kufungua shule lazima usimame juu ya meza uwapige wanaopanda mpaka kijiti cha udi kiishe kuwaka. Hiyo ya meza irudie mara mbili, hasa akipanda Sammo Hung, maana huyo mzee ndo aliyepanga mapigano ya muvi mbili za kwanza na bado kaingia mwenyewe kuonyesha. Jin naye anarudi, safari hii rafiki. Halafu kuna bondia Mwingereza anaitwa Twister, kapakwa ubaya mpaka umezidi, anapiga kelele tu muvi nzima. Hapo steringi wetu anakatazwa mateke katikati ya pambano, yaani marefa wa kibanda wangeandamana.

Ya tatu watu wanaikumbuka kwa Mike Tyson. Yupo kweli, pambano lao ni dakika tatu tu za kuhesabiwa kwa saa, ukimaliza umesimama umeshinda, safi. Ila mimi nakwambia muvi ile ni ya mke. Mkewe, Cheung Wing-sing, anaumwa saratani, na kuna pambano la kwenye lifti, jamaa wa ndondi za Kithai anaingia mle ndani na mke yuko hapo nyuma, Ip Man anapigana kwenye nafasi ya kusimama watu wanne huku mkono mmoja kazi yake ni kumlinda mke tu. Angalia huo mkono, usiangalie anayepigwa. Baadaye mke anamwomba apige lile gogo lenye mikono ya mbao la kufanyia mazoezi, maana hajaisikia sauti yake siku nyingi. Yule aliyekuwa anagombana kwa sababu ya ngumi! Mimi hapo huwa najifanya naenda kuchukua maji. Na siku anayoitwa na masta mwenzake Cheung Tin-chi kwenye pambano la nani masta wa kweli wa Wing Chun, ule mtindo wao wa kung fu, haendi, anacheza dansi na mkewe.

Huyo Tin-chi ni Max Zhang, ana muvi yake ya pembeni, Master Z ya 2018, iangalie kabla ya ya nne kama una bando. Mle kuna Michelle Yeoh, Dave Bautista, hata Tony Jaa. Ukiiruka hupotezi stori.

Ya nne imempeleka San Francisco 1964 kumtafutia mwanae shule, anakutana na Bruce Lee akiwa mtu mzima na sajenti wa jeshi mbaguzi, Scott Adkins. Ni dhaifu kuliko zote kwa maoni yangu, Wamarekani wote mle wanafoka, ila angalia anavyochoka. Safari hii mwenye saratani ni yeye.

Ushauri kwa wanaoangalia na mtu asiyependa mapigano, mke, mama mkwe, yeyote: anza na ya kwanza na unyamaze. Usimwambie "subiri sasa uone". Mimi nilifanya hivyo na mdogo wangu wa kike, akaanza kuuliza mwenyewe yule mtoto wa baiskeli atapona au la.

Na usije ukabishana kijiweni kwamba yote ni kweli. Ip Man wa kweli kazaliwa Foshan 1893, aliwahi kuwa polisi, muvi zimekaa kimya kabisa kuhusu hilo. Alimfundisha Bruce Lee kweli, Hong Kong, miaka ya 1950. Miura na Twister ni wa kutungwa. Lakini la mke ndo linaniuma, maana katika maisha halisi alibaki Foshan, mpaka wa China na Hong Kong ukafungwa, akafariki 1960 bila kuishi naye tena. Lile dansi la ya tatu halikuwepo.

Ukimaliza zote, jumla kama masaa saba hivi, tafuta mtandaoni kipande cha mzee mwenyewe. Kilipigwa 1972, muda mfupi kabla hajafa, nyumbani kwake, mzee mwembamba anaonyesha mikono yake taratibu na kupiga gogo mbele ya kamera. Hakina sauti. Kisha rudi dakika za mwisho za ya nne uone Donnie anafanya nini mbele ya mwanae.