Kasi ya Kadi ya Kumbukumbu: Namna ya Kupima Iwapo Unaihitaji

Vijana wanaoanza kazi ya picha huniuliza mara kwa mara kama wanunue kadi ya kumbukumbu yenye kasi kubwa, ambayo bei yake huweza kuwa mara mbili au tatu ya kadi ya kawaida yenye ujazo uleule. Kwa mtu anayepiga picha moja moja, ziwe za familia, za pasipoti, za mahafali au za bidhaa za dukani, huwajibu kwamba tofauti hiyo hataiona. Anayepiga mfululizo kwa RAW (faili kubwa la picha ambalo kamera haijalibana), anayerekodi video, au anayelazimika kukabidhi picha usiku uleule wa sherehe, yeye ana sababu ya kuifikiria. Katika mwongozo huu nitaeleza namna ya kujua uko kundi gani kwa kutumia kamera yako mwenyewe, saa ya simu na hesabu za kuzidisha na kugawanya.

Hatua ya 1: Soma maandishi ya kadi

Namba inayovutia macho, kwa mfano 100 au 170 ikifuatiwa na MB/s (megabaiti kwa sekunde), karibu kila mara ni kasi ya kusoma, yaani kasi ya kuzitoa picha kwenye kadi kuzipeleka kwenye kompyuta. Kamera inapopiga picha haisomi bali inaandika, na kasi ya kuandika kwa kawaida huwa ndogo zaidi, tena mara nyingi haitajwi popote usoni mwa kadi. Kadi nyingine huandikwa namba yenye herufi x, kama 633x. Hesabu hiyo ilirithiwa kutoka enzi za CD, ambapo x moja ni kilobaiti 150 kwa sekunde, hivyo 633x ni takriban megabaiti 95 kwa sekunde, na hiyo nayo kwa kawaida ni ya kusoma.

Alama ninazozitegemea mimi ni zile ndogo, kwa sababu zinataja kiwango cha chini ambacho kadi inapaswa kukidumisha inapoandika. Namba 10 ndani ya herufi C ni megabaiti 10 kwa sekunde. Herufi U yenye 1 ndani yake ni megabaiti 10 pia, na yenye 3 ni megabaiti 30. V30, V60 na V90 ni megabaiti 30, 60 na 90. Usichanganye namba iliyo ndani ya U na namba ya Kirumi I au II iliyochapwa kando: hiyo ya Kirumi inaeleza aina ya njia ya mawasiliano kati ya kadi na kamera, iitwayo UHS-I au UHS-II, na kadi ya II utaitambua kwa safu ya pili ya vidoti vya rangi ya dhahabu mgongoni mwake. A1 na A2 ziliwekwa kwa ajili ya programu za simu. Mpiga picha anaweza kuziacha.

Hatua ya 2: Jua kikomo cha kamera

Fungua kitabu cha maelekezo ya kamera, tafuta ukurasa wa kadi, uone kama imetajwa UHS-I, UHS-II, au haikutajwa yoyote. Njia ya UHS-I, kwa kiwango chake rasmi, haipiti megabaiti 104 kwa sekunde, na ya UHS-II inaweza kufika 312. Kamera isiyo na UHS kabisa hutumia njia ya zamani ambayo kikomo chake ni megabaiti 25, hata uiwekee kadi ghali kiasi gani. Kadi ya UHS-II ikiingizwa kwenye kamera ya UHS-I itafanya kazi bila shida, ila kwa kasi ya UHS-I tu, na fedha ya ziada uliyolipa haitakuwa na kazi ndani ya kamera hiyo.

Nichukue mfano wa Canon EOS 5D Mark III, iliyotoka mwaka 2012. Ina matundu mawili, moja la CF (aina ya kadi ya zamani iliyo kubwa zaidi) na moja la SD (kadi ndogo ya kawaida, ambayo ndiyo yenye alama nilizozieleza), na lile la SD halikuwekewa UHS. Mtu akiamua kuandika picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja, kamera itasubiri ile ya polepole imalize, hata kama kadi ya CF ni ya kasi sana. Kwa hiyo aliyenunua SD ya bei kubwa kwa ajili ya kamera hiyo ametatua tatizo lisilokuwa la kadi. Ukinunua kamera iliyotumika, fanya hatua hii kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Hatua ya 3: Elewa hifadhi ya muda

Picha haiendi moja kwa moja kwenye kadi. Hupita kwanza kwenye hifadhi ya muda iliyo ndani ya kamera, ambayo wengi huiita bafa, kisha ikaandikwa kwenye kadi taratibu wakati wewe unapanga picha inayofuata. Hufanya kazi kama faneli ya kumiminia mafuta kwenye chupa: ukimimina kwa kiasi haijai kamwe, ukimimina ndoo nzima kwa mara moja inafurika hata kama chupa bado ni tupu. Faili la RAW kutoka kamera ya megapikseli 24 huwa karibu megabaiti 25 hadi 30, na la JPEG bora, yaani picha ambayo kamera imeibana, huwa karibu 8. Ukipiga picha moja ya RAW kila sekunde tatu, unahitaji kasi ya kuandika isiyozidi megabaiti 10 kwa sekunde, na kadi halali ya alama ya C10 inatosha. Ndiyo maana nasema mpiga picha wa kawaida hataiona tofauti: faneli yake haijai.

Hatua ya 4: Pima kwa kamera na kadi yako

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, nami naomba usiiruke. Weka kamera kwenye meza au mguu wa kamera, ielekeze kwenye kitu chenye maelezo mengi kama mkeka au kitenge, kwa sababu ukuta mweupe hutoa mafaili madogo yatakayokudanganya. Zima fokasi ya kiotomatiki, chagua kasi ya shata ya 1/500 ili shata yenyewe isiwe kikwazo, kisha weka kamera kwenye mfululizo wa haraka. Fomati kadi ndani ya kamera, baada ya kuhakikisha kwamba picha zako zimeshahamishwa.

Bonyeza kitufe bila kuachia, ukihesabu milio. Mwanzoni itakuwa ya haraka na sawasawa, halafu utaisikia inasita: hapo faneli imejaa. Andika idadi ya picha mpaka hapo. Endelea kubonyeza kwa sekunde 30 zaidi, ukihesabu picha za kipindi hicho peke yake. Zidisha idadi hiyo kwa ukubwa wa faili moja, gawanya kwa 30, na utapata kasi halisi ya kuandika ya kadi hiyo ndani ya kamera hiyo. Ukiachia kitufe, hesabu pia sekunde mpaka taa ndogo ya kadi izimike.

Katika kamera yangu ya megapikseli 24, ambayo faili lake la RAW ni megabaiti 27, kadi ya zamani ya C10 ilifika picha 17 kabla ya kusita, kisha ikapokea picha 20 kwa sekunde 30, yaani megabaiti 18 kwa sekunde. Kadi ya V30 ilifika picha 25, kisha 61, yaani karibu megabaiti 55. Taa ilizimika baada ya sekunde 22 kwa kadi ya kwanza na 7 kwa ya pili. Nilipobadili kwenda JPEG, kadi ya zamani ilivuka picha 80 ndipo ikasita, na ile ya V30 haikusita kabisa.

Sasa linganisha matokeo na kazi yako. Tukio la ghafla ukumbini, kama kufungua shampeni, kwa kawaida halizidi sekunde tatu. Kwa picha tano kila sekunde, huo ni mfululizo mmoja wa picha 15, na kadi zote mbili zinaimudu. Kinachotofautiana ni sekunde zinazofuata, kwa sababu bibi harusi akigeuka kumkumbatia mama yake mara tu baada ya shampeni, mwenye kadi ya polepole atakuwa bado anasubiri taa izimike. Mimi nilibadili kadi zangu za harusi kwa sababu ya sekunde hizo. Kadi za studio sikuzibadili.

Hatua ya 5: Chunguza flashi kabla ya kulaumu kadi

Mara nyingi nimeletewa kamera ikisemwa kadi ni nzito, nikakuta flashi ndiyo inayochelewa kujaa chaji kwa sababu betri zimechoka au imewekwa kwenye nguvu yote. Zima flashi, rudia kipimo, kisha uamue.

Hatua ya 6: Pima video kwa hesabu yake

Katika video hakuna nafasi ya kusubiri. Kadi ikishindwa, kurekodi kunakatika. Kumbuka kwamba kasi ya video hutajwa kwa megabiti, na baiti moja ni biti nane. Kamera inayorekodi 4K (video ya ubora wa juu) kwa megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu, hivyo alama ya V30 inabakiza nafasi ya kutosha. V60 na V90 ni za kamera zinazorekodi kwa megabiti mia kadhaa.

Hatua ya 7: Angalia kisoma kadi

Hapa ndipo ile namba kubwa ya kusoma inapopata maana. Kadi ya gigabaiti 32 iliyojaa, ikihamishwa kupitia kisoma kadi cha USB 2.0 kinachotoa megabaiti 35 kwa sekunde, huchukua kama dakika 15. Kwa kisoma kadi cha USB 3.0 kinachofikisha 90, huchukua kama dakika 6. Kadi ni ileile. Kwa anayekabidhi picha usiku wa sherehe, ningemshauri anunue kwanza kisoma kadi.

Hatua ya 8: Thibitisha kwamba kadi ni halali

Niliwahi kupiga kipaimara kwa kadi iliyoandikwa gigabaiti 64, niliyoinunua kwa bei ya kunifurahisha. Kamera haikulalamika hata mara moja. Nyumbani nikakuta picha za mwanzo ziko salama, na zote zilizofuata baada ya gigabaiti 8 hazifunguki. Chombo cha ndani ya kadi kilikuwa kimebadilishwa ili kitaje ujazo usiokuwepo. Picha ya mtoto akiwa mbele ya askofu haikupatikana, na familia ile haina namna ya kuirudia siku hiyo.

Tangu hapo kila kadi mpya naijaza yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, ambazo ni za bure. Huandika data mpaka kadi ijae, kisha huisoma upya na kuonyesha kama kuna kilichopotea, pamoja na kasi ya kuandika na kusoma. Tumia kisoma kadi kizuri, maana kasi utakayoonyeshwa haiwezi kuzidi ya kisoma kadi chenyewe. Kadi ya gigabaiti 64 huweza kuchukua zaidi ya saa moja, hivyo ianze jioni. Ikifaulu, iandikie namba na mwezi ulioinunua kwa kalamu ya wino usiofutika, ifomati ndani ya kamera, na fedha uliyookoa kwa kutonunua V90 itumie kununua kadi ya pili ya aina hiyohiyo, ukaijaribu kwa namna ileile.