Umechukua farasi aliyestaafu mbio? Mpe muda kwanza, kazi itakuja

Kila msimu pale Ngong Racecourse, uwanja wa mbio za farasi Nairobi, kuna farasi wanamaliza kazi. Mwingine ana miaka minne tu, mwingine saba, na thorabredi, ile aina ya farasi inayozalishwa kwa mbio, akitunzwa vizuri anafika 25 na kupita, sasa piga hesabu mwenyewe uone maisha aliyobakisha. Shida ni maneno ya watu, ati farasi wa mbio ni kichaa, ati hafundishiki, na hayo maneno yananiuma kwa sababu ndiyo yanafanya farasi mzuri akose nyumba. Huyu amefundishwa tayari, ni vile alifundishwa kazi nyingine. Touch of Class hakutamba kwenye mbio kule Marekani, lakini 1984 Los Angeles akachukua dhahabu mbili za Olimpiki za kuruka viunzi.

Kabla hujasema ndio, uliza kwa nini ameachishwa mbio. Ukiambiwa hana spidi, furahi, huyo ndiye unayemtaka, miguu yake pengine haijateseka sana. Ukiambiwa aliumia, uliza aliumia wapi, lini, na alipumzishwa muda gani. Pitisha mkono mwenyewe nyuma ya miguu ya mbele kutoka goti kwenda chini, linganisha kushoto na kulia, ukisikia joto au kano imevimba kama upinde hapo simama kwanza. Alafu lipa daktari wa mifugo anayejua farasi, asiwe daktari wa yule anayeuza. Atakunja kila mguu kwa muda mfupi na mara ukiachiliwa farasi anakimbizwa troti, yaani mbio za polepole, hapo maumivu yaliyojificha yanajitokeza. Kano iliyowahi kuumia haimaanishi farasi hana kazi tena, inaweza kuwa hataruka viunzi virefu wala kucheza polo, ule mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ndefu ukiwa juu ya farasi, lakini akabeba mtu porini mwendo wa taratibu miaka mingi tu, bora ujue mapema.

Na tafadhali ongea na saisi wake, yule anayemtunza kila siku. Mwenye farasi anaweza kukuambia alishika nafasi ya ngapi kwenye mbio fulani, saisi ndiye anajua kama anang'ata ukifunga mkanda wa tandiko, kama anauma mbao na kumeza hewa, kama anayumba kichwa huku na huku usiku kucha, anakula nini na anaogopa nini. Keti naye, mwachie kitu ya chai, na uandike anayosema. Mimi naweka hiyo karatasi juu ya ripoti ya daktari.

Karatasi zake pia zije pamoja naye, paspoti au hati ya usajili, na jina la mwenye farasi libadilishwe mara moja, usikubali kuambiwa "nitakuletea wiki ijayo".

Sasa amefika. Usimpande. Najua una hamu lakini usimpande. Huyu amezoea chumba kimoja, ratiba moja, mazoezi alfajiri na nafaka nyingi, ukimfungulia ghafla kwenye uwanja mkubwa anakimbia mpaka anajivunja. Anza na kiwanja kidogo, saa moja mbili, na farasi mzee mtulivu upande wa pili wa ua, hata mbuzi anasaidia kama huna farasi mwingine. Ua usiwe wa seng'enge ya miiba, ngozi ya thorabredi ni nyembamba sana na nimeona majeraha ambayo sitaki kuyaeleza hapa. Baada ya siku kadhaa ongeza muda, ongeza nafasi.

Chakula ndio watu wanaharibu zaidi. Nafaka ipunguzwe polepole, kwa wiki mbili hivi, usikate siku moja. Mwenye kilo 500 anataka kama kilo 8 mpaka 10 za nyasi kavu kwa siku, Boma Rhodes safi isiyo na ukungu, na asikae tumbo tupu masaa mengi. Hii si anasa. Tumbo la farasi linatoa asidi mchana na usiku awe anakula au hali, na farasi wengi sana wa mbio wanatoka na vidonda vya tumbo. Ukimwona anakunja sura ukimgusa ubavu, hanenepi, anaacha nafaka nusu, usiseme ana tabia mbaya, mwite daktari. Mpe pia lusini (alfalfa) kidogo kabla ya kazi, kalsiamu yake inatuliza asidi. Meno yaangaliwe. Minyoo pia.

Kuhusu kwato: viatu vya mbio ni vyepesi, vya alumini, na fundi akivitoa unaweza kukuta nyayo ni nyembamba kweli. Wengine wanachechemea kwenye mawe wiki za kwanza. Mwache kwenye udongo laini na umpe fundi muda wa kurekebisha, kwato haikui kwa haraka.

Alafu kuna magonjwa yetu huku, ambayo ukisoma maelekezo ya Uingereza hutayaona. Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaletwa na visubi wanaouma kuanzia magharibi mpaka alfajiri, kwa hivyo msimu wa mvua aingie ndani kabla jua halijazama na atoke likiwa limepanda, na chanjo yake ni ya kila mwaka, panga na daktari ichomwe kabla mvua hazijaanza. Kupe wanaleta babesia, ugonjwa wa damu. Na kama unampeleka mbali na Nairobi, tuseme sehemu zenye mbung'o kama Mara, zungumza na daktari kwanza, sio baada. Nunua kipimajoto leo. Joto la kawaida ni kati ya 37.5 na 38.5 hivi, ukipata 39 au fizi zimekuwa njano au mkojo mweusi piga simu, usingoje asubuhi.

Mapumziko yachukue muda gani? Kwa wengi miezi miwili mitatu inatosha, mwingine anataka zaidi. Utajua mwenyewe, misuli ya mbio inashuka, tumbo linajaa, na anaanza kulala chini mchana bila wasiwasi.

Hapo ndio unaanza kazi, na hapa nataka uelewe anajua nini na hajui nini. Anajua kuoshwa, kusafishwa kwato, kupanda lori, kelele za watu, mambo ambayo farasi mchanga wa shambani utamfundisha mwaka mzima. Lakini hajui kusimama tuli ili umpande, kwa sababu joki, yaani mpanda farasi wa mbio, anarushwa juu huku farasi anatembea. Hajui uzito wa mtu aliyekaa chini kwenye mgongo, joki anasimama juu ya vikuku, vile vyuma vya kuwekea miguu. Hajui mguu ukigusa ubavu unamaanisha nini. Na hii ya mwisho ishike sana: ukivuta hatamu kwa nguvu, yeye anaelewa ni wakati wa kuegemea lijamu na kwenda. Mtu anaogopa, anavuta, farasi anaongeza, mtu anavuta zaidi, mwisho mtu yuko chini na farasi anaitwa kichaa. Alifanya kile alichofundishwa! Badala yake legeza, mwingize kwenye duara kubwa, toa pumzi, ongea naye, vuta kidogo na uachilie.

Wiki za kwanza usimpande bado, tembea kando yake na umwongoze kwa kamba. Tembea, simama, rudi nyuma hatua mbili, geuka. Simama karibu na kiti cha kupandia bila kupanda, siku nyingi, mpaka aone ni jambo la kawaida. Kumzungusha kwa kamba ndefu ni sawa lakini usizidishe, duara dogo linaumiza viungo. Ukianza kupanda, fuata farasi mtulivu aliye mbele, mwendo wa kutembea tu, njia zenye vilima kidogo zinajenga mgongo kuliko uwanja. Troti ije baadaye na kanta, mwendo wa kasi kuliko troti, mwisho kabisa. Tandiko likaguliwe tena kila baada ya miezi michache maana mgongo unabadilika umbo, lililomtosha Machi linaweza kumbana Julai.

Kazi gani? Mwangalie yeye, usiangalie ndoto yako. Mfupi, mwepesi kugeuka, haogopi fimbo ikipita karibu na jicho, polo itamfaa na wachezaji wa Nairobi na Gilgil wanajua thamani yake. Anayeinua miguu vizuri juu ya miti iliyolazwa chini, jaribu viunzi. Mtulivu anayepita karibu na bodaboda bila kushtuka ni wa matembezi. Shule ya watoto wadogo ni wachache sana wanaofaa, hapo usilazimishe hata kama mwalimu anakusukuma. Na wengine kazi yao ni kukaa na farasi wengine malishoni, na mimi naiita kazi.

Ikitokea siku moja huwezi kuendelea naye, usimtoe kwa neno la mdomo. Andikeni mkataba: asirudishwe kwenye mbio, na akitaka kuuzwa tena wewe uulizwe kwanza. Andika historia ya miguu yake yote, pamoja na mabaya, chanjo na tarehe, jina la daktari na la fundi wa kwato. Toa kopi mbili, moja iende na paspoti, moja ubaki nayo.